Magnesiamu Iko Wapi?

Siku hizi mwanafunzi akiniletea grafu ya kathodi (upande chanya) mpya ya betri ya magnesiamu, hata kama mstari umetulia na nambari ni kubwa, namuuliza jambo moja kabla ya mengine yote: magnesiamu yenyewe iko wapi? Swali hilo nililipokea kwa fundi wa maabara hapa Nairobi, mzee aliyekaribia kustaafu, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupima udongo wa wakulima na maji ya visima. Sote tulimwita Mzee. Nilikuwa nimemwekea kompyuta mezani kumwonyesha matokeo ya oksidi ya vanadiamu, nikiwa na furaha tele. Aliutazama mstari ule taratibu, akavua miwani.

"Hiyo nambari ni nzuri, Madam. Lakini mashine hii inahesabu nini?"

"Elektroni, Mzee."

"Elektroni, sawa. Sasa hiyo magnesiamu umeiona wapi?"

Tangu hapo kazi yangu ya kathodi imefuata swali hilo, na ndilo ninalotaka kuwaeleza wenzangu wanaoingia kwenye utafiti huu. Ni uwanja unaompa mtu matumaini mapema mno, kabla hajapata chochote cha kuyategemeza.

Kwanza, kwa nini kuihangaikia metali hii. Ukisimama Ngong Road jioni utaziona bodaboda za umeme zikipita, na betri zake ni za lithiamu. Kule Olkaria mvuke wa ardhini unazalisha umeme hata usiku wa manane watu wakiwa wamelala, na karibu na Ziwa Turkana kuna mitambo ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Umeme huo tukikosa pa kuuweka, unatupita. Betri za lithiamu zinafanya kazi vizuri, nami sina ugomvi nazo. Lakini nchi inayotaka kuhifadhi umeme mwingi haifai kutegemea metali ya aina moja, hasa ambayo haina uhakika wa kuipata.

Magnesiamu ipo kila mahali. Ni takriban asilimia 2 ya uzito wa gamba la dunia, na kila lita ya maji ya bahari ina gramu 1.3 hivi. Mimi nilikulia upande wa Marereni, kaunti ya Kilifi, ambako chumvi hutengenezwa kwa kuyaanika maji ya bahari kwenye mabwawa mapana. Chumvi ikishaganda hubaki maji mazito, machungu, ambayo sisi watoto tulikuwa tukionywa tusiyaonje. Nilipofika chuoni nikajifunza kwamba uchungu ule unatokana na magnesiamu. Kuitoa kwenye maji hayo mpaka iwe metali safi kunakula umeme mwingi, na leo sehemu kubwa ya metali hiyo duniani hutoka China, kwa hiyo nisimdanganye mtu kwamba utajiri uko ufukweni unangoja kuokotwa. Hata hivyo si kitu adimu.

Halafu kuna hesabu. Atomu moja ya magnesiamu hutoa elektroni mbili, ya lithiamu hutoa moja. Sentimita moja ya ujazo ya metali ya magnesiamu inaweza kutoa chaji ya miliampea-saa 3,833. Metali ya lithiamu ya ujazo huo huo hutoa karibu 2,050. Kwa uzito lithiamu inashinda, 3,861 kwa kila gramu dhidi ya 2,205. Na magnesiamu inaporudi kwenye anodi, upande hasi wa betri, wakati wa kuchaji, mara nyingi hujipanga bila kuota miiba mikali kama lithiamu, miiba ambayo hutoboa kitenganishi na kuifanya betri ishike moto.

Yote hayo ni sifa za anodi. Ukifika upande wa kathodi, ndipo safari inapokwama.

Kathodi ni nyumba ambamo ioni, yaani atomu zenye chaji, huingia betri inapotumika na kutoka inapochajiwa. Ioni ya magnesiamu ni ndogo tu, nusu kipenyo chake ni pikomita 72, na ya lithiamu ni 76. Ukiangalia ukubwa peke yake ungedhani itapita kirahisi. Kinachoizuia ni chaji yake mara mbili iliyobanwa ndani ya umbo dogo. Inapita katikati ya atomu za oksijeni kama abiria mwenye mizigo miwili kwenye matatu iliyojaa, kila hatua inanasa mahali. Oksijeni inaivuta kwa nguvu na haiachii. Kuna oksidi ambazo badala ya kuikaribisha ndani ya fuwele huvunjika kabisa, magnesiamu ikajichukulia oksijeni na kuwa oksidi ya magnesiamu, unga mweupe usiopitisha kitu. Hapo kathodi imekwisha.

Salfa ina mshiko mlaini zaidi. Ndiyo maana kathodi ya kwanza iliyofanya kazi kweli kweli ilikuwa ya salfa. Mwaka 2000, Doron Aurbach na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan, Israeli, walichapisha katika jarida la Nature betri ya magnesiamu iliyochajiwa na kutumika zaidi ya mara 2,000. Kathodi yao ilikuwa ya molibdenamu na salfa, atomu 6 kwa 8, kutoka familia ya madini ya maabara iliyogunduliwa na Mfaransa Roger Chevrel mwaka 1971. Mpaka leo, zaidi ya miaka 20 baadaye, hiyo ndiyo kathodi ambayo kila mtu huitumia kupimia nyingine.

Nayo ina udhaifu wake, na mtu yeyote mwenye penseli anaweza kuuona. Uwezo wake wa nadharia ni miliampea-saa 128 kwa gramu, kwa volti 1.1 hivi. Zidisha: ni nishati ya kama watisaa 140 kwa kilo ya kathodi. Fosfati ya chuma na lithiamu, ambayo imo kwenye betri nyingi za kawaida, ina karibu 170 kwa volti 3.4, yaani watisaa zaidi ya 570. Kwa hiyo sote tunaofanya kazi hii tunatafuta kitu kimoja kigumu: fuwele inayoishika magnesiamu kwa nguvu ya kutosha kutoa volti nyingi, na wakati huo huo iiachie ipite. Nguvu hizo mbili zinavutana, na sijaona njia ya mkato ya kuzipatanisha.

Nilianza kwa kutengeneza ile ya Chevrel, kwa sababu nilitaka kipimo ambacho najua jibu lake. Huwezi kuitengeneza moja kwa moja. Molibdenamu na salfa zikichomwa peke yake kwa uwiano huo hugeuka vitu vingine. Lazima utie shaba kwanza, fuwele ijijenge kuizunguka, kisha uitoe shaba na kuacha nafasi tupu ambamo magnesiamu itaingia. Unachanganya unga wa shaba, molibdenamu na salfa, unaufunga ndani ya chombo cha chuma cha pua kisichovuja, unauchoma kufikia nyuzi 1,000 hivi. Joto linapanda polepole, kwa sababu salfa ikigeuka mvuke haraka kabla haijaungana na metali, shinikizo litakipasua chombo. Na hapa Nairobi lazima ujipange kwa stima kupotea. Tanuru letu halikuwa na jenereta yake, kwa hiyo tuliwasha Ijumaa jioni, watu wa mashine nyingine wakishaondoka, na mmoja wetu alibaki kuandika joto kwenye daftari kila baada ya muda. Umeme ukikatika joto likiwa chini ya nyuzi 400, tulianza upya na unga mpya. Ukikatika juu zaidi, tuliacha lipoe kisha tukapima fuwele kwa eksirei kabla ya kuamua.

Sehemu ninayoipenda ni ya kutoa shaba. Unga mweusi unautia kwenye asidi ya haidrokloriki, unapitisha mapovu ya oksijeni, unaacha ukorogeke. Baada ya muda kioevu huanza kuwa kijani, kisha kijani iliyokolea, ambayo ni shaba inayoondoka. Unachuja, unaosha, unatia asidi mpya. Utajuaje kama shaba imekwisha? Mzee alinionyesha. Alichukua tone la maji ya kuoshea, akaliweka kwenye kisahani cheupe cha kauri, akadondoshea amonia mpaka harufu ikatupanda puani. Tone likageuka buluu nzito, buluu ya wino. "Bado imo," akasema. Tukaosha tena, tukadondosha tena, buluu ikapungua ikawa ya mbali, mpaka likaja tone ambalo halikubadilika hata kidogo. Jaribio la namna hiyo linafundishwa shule za upili. Kwa kazi yetu lilitosha kutuambia lini tuache kuosha, na baadaye mashine ilithibitisha kwamba shaba iliyobaki ilikuwa kidogo mno.

Kuandaa kathodi yenyewe sitakawia nako: unga wa kathodi, kaboni nyeusi na gundi, kwa kawaida sehemu 8 kwa 1 kwa 1, unasagwa kuwa uji mzito, unapakwa juu ya karatasi nyembamba ya metali, unakaushwa kwenye oveni isiyo na hewa, unakatwa visahani. Anayetengeneza betri za lithiamu anajua haya yote.

Nirudi kwenye vanadiamu. Oksidi ya vanadiamu ina matabaka, na kwa hesabu ikichukua magnesiamu moja kwa kila molekuli inafikia miliampea-saa 294 kwa gramu, kwa volti kubwa kuliko ya Chevrel. Tatizo ni kwamba ikiwa kavu, magnesiamu inaingia kwa shida. Ukiweka maji kidogo ndani ya elektroliti, kioevu kinachopitisha ioni kati ya anodi na kathodi, uwezo unapanda ghafla. Maelezo ya kawaida ni kwamba molekuli za maji huizunguka ioni na kuifunika chaji yake, hivyo inateleza. Ni maelezo mazuri na yana ukweli. Ila maji huleta pia protoni, yaani ioni za haidrojeni, na protoni ni ndogo kuliko ioni yoyote. Inaingia kwenye oksidi bila kubisha hodi, na kila inapoingia elektroni moja hupita kwenye waya. Mashine inaihesabu vile vile. Grafu haina rangi ya kukuambia hii ni protoni na hii ni magnesiamu.

Basi Mzee akanipeleka kwenye mashine yake ya udongo. Ni kifaa cha zamani kinachonyunyizia kimiminika ndani ya mwali wa gesi ya asetilini, kisha taa maalumu ya magnesiamu inapitisha mwanga wa nanomita 285.2 katikati ya mwali huo. Atomu za magnesiamu zilizomo huunyonya mwanga, na kiasi kilichonyonywa kinaeleza ziko ngapi. Kifaa hicho kinaiona magnesiamu hata ikiwa sehemu chache sana kwa milioni. Kilikuwa kimepimia mashamba ya kahawa na visima vya wafugaji, na hakuna aliyekuwa amefikiria kukitilia betri.

Hesabu iliyo nyuma yake ni rahisi, nayo ninawataka wanafunzi wangu waijue kwa kichwa. Ikiwa chaji yote iliyopita ni ya magnesiamu, kila miliampea-saa 1 lazima iwe imeingiza miligramu 0.45 za magnesiamu kwenye kathodi. Kisahani chenye miligramu 3 za unga, kikitoa miliampea-saa 100 kwa gramu, kinapaswa kuwa na takriban miligramu 0.14. Unaifungua seli, unakitoa kisahani, unakiosha kwa kiyeyusho safi, unakiyeyusha kwa asidi ya nitriki, unapima. Nambari mbili zinakaa sambamba: ile ya grafu na ile ya mwali.

Kwa oksidi ile ya vanadiamu kwenye elektroliti yenye maji, magnesiamu tuliyoipata ilikuwa chini ya nusu ya ile ambayo grafu ilidai. Ni jibu ambalo ningelikosa kabisa kama nisingeuliza, na ni jibu lenye faida, maana lilituambia kwamba fuwele ina mlango, ila wanaoupita ni wengine.

Hata kuikuta magnesiamu hakutoshi, na hapa ndipo nimetumia muda mwingi kuliko mahali pengine. Elektroliti yenyewe ina chumvi ya magnesiamu. Ikikaukia kwenye vinyweleo vya kaboni, utaipima na kudhani imeingia kwenye fuwele. Na kwenye maji, protoni zikiishaingia, kioevu kilicho karibu na kathodi huwa cha alikali, magnesiamu ikatuama juu ya uso ikiwa haidroksidi. Kwa hiyo tunapima pamoja na kisahani pacha ambacho kimelowekwa kwenye elektroliti ile ile kwa muda ule ule bila mkondo wowote kupita, kikaoshwa kwa namna ile ile. Chumvi yetu ina salfa, na oksidi ya vanadiamu haina. Salfa ikionekana kwenye kisahani kilichooshwa, kuosha hakujakamilika. Mwisho tunapiga eksirei. Magnesiamu iliyoingia kweli huyasogeza matabaka, kilele kwenye mchoro kinahama, na ukichaji kinarudi kilikokuwa. Kilele kisipohama naanza kutilia shaka yale mengine yote. Vyombo vya kioo pia tunavisuuza kwa asidi hafifu na maji yaliyosafishwa, kwa kuwa maji ya bomba nayo yana magnesiamu.

Jambo la pili la kuangaliwa ni chombo chenyewe. Elektroliti nyingi zinazokubaliana na anodi ya magnesiamu zina kloridi, na kloridi hukila chuma. Vifuko vya betri za kitufe, vile vidogo vya kipenyo cha milimita 20, ni vya chuma cha pua. Volti ikipita 2 hivi, chuma huanza kuliwa, na kinapoliwa hutoa elektroni, na grafu huonyesha uwanda mtulivu unaofanana kabisa na kathodi inayochajiwa. Ukifungua seli unakuta alama za kahawia na vishimo vidogo kwenye kifuniko. Dawa yake ni kutengeneza seli isiyo na kathodi: karatasi ya metali, kaboni na gundi tu, kisha kuipima kwa mkondo ule ule. Chochote inachoonyesha kinatolewa kwenye hesabu. Wanafunzi huona uvivu kuitengeneza kwa sababu haina cha kujivunia. Mimi naitaka iwe ya kwanza kuwekwa mezani. Siku hizi tunapakia kathodi juu ya karatasi ya molibdenamu au grafiti, na kwa seli za kitufe tunaikinga sehemu ya chuma.

Kuna pia mvua. Aprili ikiingia, hewa ya maabara hujaa unyevu, na chumvi za magnesiamu hunywa maji kwa pupa. Kloridi ya magnesiamu ukiiacha kwenye mizani wazi unaiona inang'aa, kisha inalowa. Kazi zote za metali ya magnesiamu hufanyika ndani ya sanduku la glavu lililojaa argoni, nayo argoni tunaipata kwenye mitungi ile ile ya mafundi wa kuchomelea, tukiisafisha zaidi kabla ya kuiingiza. Metali hii ikiguswa na hewa au maji hujivika utando usiopitisha ioni, na betri haianzi kabisa. Ndiyo maana siwezi kuuchukulia ule ujanja wa kutia maji kwenye kathodi kama suluhisho. Maji yanayoisaidia kathodi ndiyo yanayoiua anodi, na betri inahitaji zote mbili. Nimesoma kazi nyingi zinazoripoti uwezo mkubwa uliopatikana kwa kaboni upande wa pili badala ya magnesiamu. Ni hatua halali ya utafiti, sisi wenyewe tunaifanya, lakini ni lazima isemwe wazi kwamba hiyo bado si betri ya magnesiamu.

Wageni wakija maabara huniuliza lini bodaboda zitatumia magnesiamu. Nawajibu kwamba siwezi kuwaahidi mwaka, na kwamba kwa maoni yangu ikifika, itaanza kwenye betri za kukaa mahali pamoja, za kliniki, shule na minara ya simu, ambako uzito si hoja kubwa. Wengine huonekana kuvunjika moyo. Afadhali wavunjike moyo sasa kuliko niwape nambari ambayo nusu yake ni protoni na kutu.

Na kuna wanaodhani kazi hii haiwezekani Nairobi kwa sababu hatuna vifaa vya mamilioni. Vingine kweli tunavikosa, na eksirei yetu tunaifanya kwa kupanga foleni kwenye maabara ya wengine. Lakini swali kuu la kathodi ya magnesiamu, kama ioni imeingia au haikuingia, linajibika kwa mashine ya kupimia udongo ambayo ipo kwenye vyuo na taasisi nyingi nchini. Anayeweza kupima mbolea anaweza kutuambia kama betri yetu ni ya kweli. Nimewaomba wakuu wa idara mbili watupe muda wa kudumu kwenye mashine zao, na mmoja amekubali.

Kwa sasa tunashughulika na salfidi ya titani yenye umbo la spineli, mpangilio mmojawapo wa atomu ndani ya fuwele. Kundi la Linda Nazar wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, lilionyesha mwaka 2016 kwamba magnesiamu huingia na kutoka humo kwa nyuzi 60, na nishati yake inakaribia mara mbili ya Chevrel. Sisi tunajaribu kupunguza ukubwa wa chembe zake ili njia ya ioni iwe fupi, tuone kama joto linaweza kushuka kuelekea lile la chumba. Visahani vya kwanza viko kwenye oveni kwa nyuzi 60, pacha zao zimelowekwa bila mkondo, na seli isiyo na kathodi imeshapimwa. Mzee amestaafu, yuko Machakos, lakini daftari lake la vipimo vya magnesiamu alituachia, na wiki ijayo mwanafunzi wangu wa uzamili ndiye atakayewasha mwali.